Sura ya Kibwana

Tiketi ya mpira ilikuwa sura yako mwenyewe, na kuiuza ilikuwa jinai. Aliyeruhusiwa kuuza ni klabu tu. Mwizi mwenye ofisi haitwi mwizi.

Kibwana alipovunjika mguu, aliomba ruhusa ya kumuuzia shemeji yake kiti chake. Klabu ikakataa, ikakiuza kwa bwanyenye mmoja, ikamvika na sura ya Kibwana ili geti limkubali.

Siku ya mechi Kibwana alikaa nyumbani, mguu juu ya mto, akajiona kwenye runinga akishangilia.

"Mashetani wasio na haya!" mkewe, Tunu, akasonya. "Wangeweza, wangekuuza hadi figo."

Jioni mlango wa nyumba, uliozoea kuifungukia sura ya Kibwana, ukafunguka. Mtu akaingia, akavua viatu.

"Mke wangu, tumefungwa," alisema. "Chakula kipo?"