Maili Moja ya Kunguru

"Maili moja, Hilary! Uliniambia ni maili moja!"

"Ni maili moja, Baba, kwa njia ya kunguru angani."

"Basi kunguru wananitembelea kila siku. Wewe mara ya mwisho ulikuja lini?"

Nilisogea dirishani. Kwa gari ni saa nzima kuuzunguka mlango wa mto. Nilijua hivyo nilipomchagulia makao haya ya wazee, na moyoni niliona afadhali.

Kioo cha dirisha lake kilikuwa na doa la mafuta, pale anapoegemeza paji la uso. Ng'ambo ya maji niliziona shuka zangu kwenye kamba.

"Ukianika, najua uko nyumbani," alisema polepole.

Nilitoa koti lake kabatini.

"Nyoosha mkono, Baba."

Nikamvika, kisha nikalishusha sanduku lake la nguo kutoka juu ya kabati.