Linki ya Maji

Amolo alikuwa akifungua simu ya mteja kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu mtaani Silanga, kando ya foleni ya maji, wakati wakili wa kampuni ya maji alipompigia.

"Umeweka linki ya tovuti yetu kwa page yako ya Facebook," wakili alisema. "Masharti yetu yanakataza. Itoe leo, ama tukutane kortini."

Aliweka bisibisi chini. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na wanawe. Mimi ninayeuza makaa hapo kando niliisikia sauti ya wakili ikivuma simuni, nikadhani ataomba msamaha, na nisingemlaumu.

Badala yake aliwasha spika, akainua simu yake juu. Foleni nzima ikamgeukia.

"Sasa wakili, hiyo linki inapeleka watu wapi?"

"Kwa tangazo letu."

"Ni la uongo?"

"Si la uongo! Maji ya Silanga yameingiwa na maji ya choo, na sisi wenyewe tumeandika hivyo. Lakini huna ruhusa ya kuelekeza watu huko."

Amolo alizidi kuinua simu.

Mama aliyekuwa mbele ya foleni alitazama mtungi wake uliojaa, kisha akauinamisha, maji yote yakamwagika chini.