Jiwe la Sitini na Tatu

Gurudumu la kupimia lilionyesha mita mia tisa na arobaini, na jiwe la kilomita 63 lilikuwa limekwisha kufika.

Mhandisi alilirudisha gurudumu hadi jiwe la 62, akaanza upya, hatua kwa hatua, pembezoni mwa lami. Mia tisa na arobaini. Akaendelea mbele hadi jiwe la 64. Elfu moja na sitini. Mtu alikuwa ameling'oa jiwe la 63 na kulirudisha nyuma mita sitini.

“Mhandisi, labda hilo gurudumu lako limechoka,” kibarua mmoja alisema, akiegemea sururu. “Lipe chai kwanza.”

Hakucheka. Alikuwa ameingoja siku hii kwa miaka ishirini na miwili.

Ofisi ilimpa kazi ya kuandika historia ya barabara ya jimbo, kilomita mia moja na kumi na nane kutoka stesheni ya reli hadi darajani. Alikwisha kueleza jinsi ilivyokuwa njia ya mikokoteni ya ng'ombe, jinsi ilivyomwagwa changarawe, jinsi lami ilivyofika kipande kwa kipande, na jinsi matengenezo yalivyogawanywa: Sehemu ya Kwanza iliishia kwenye jiwe la 63, ya Pili ikaanzia hapo. Ilibaki sura moja, ile ya ajali ya jiwe la 63. Katika jalada lake mlikuwa na mstari alioujua tangu utotoni: “Ajali ilisababishwa na uzembe wa msimamizi wa Sehemu ya Pili.”

Msimamizi huyo alikuwa baba yake.

Wiki ile ya ajali, miaka ishirini na miwili iliyopita, lami ilikuwa imebanduka pande zote mbili za jiwe, na vibarua wa sehemu zote mbili walikuwa wakikata viraka. Jioni mvua ikanyesha. Shimo moja halikuwekewa mapipa ya tahadhari, na kijana mwenye pikipiki akatumbukia humo, akafa. Wakaguzi walipofika siku ya tatu walipima kutoka kwenye jiwe: shimo lilikuwa mita arobaini ndani ya Sehemu ya Pili. Baba yake hakujitetea hata kwa neno moja. Alifukuzwa kazi, akaishi miaka sita akiziba pancha za baiskeli, akafariki. Mpaka leo mama yake hupita njia ya nyuma kwenda sokoni, asitazamwe.

Sasa hesabu ilikuwa wazi. Jiwe likirudi mahali pake pa zamani, shimo lilikuwa mita ishirini ndani ya Sehemu ya Kwanza.

Na msimamizi wa Sehemu ya Kwanza alikuwa amepiga magoti pale pale, brashi mkononi, akilipaka jiwe chokaa. Alikwisha kustaafu zamani, lakini kila mwaka, mwezi kama huu, alikuja kulipaka. Kijana wa pikipiki alikuwa mwanawe wa pekee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Hakugeuka. “Wewe ndiye binti yake.”

“Ndiyo, mimi.”

“Umefanana naye. Pole.”

“Nasikia mlikuwa chanda na pete.”

“Tulikuwa. Siku mwanangu anazaliwa, yeye ndiye aliyekimbia kumwita mkunga.” Akachovya brashi. “Siku ya kumzika hakuonekana. Alijua mwenyewe kwa nini.”

“Na wewe, mzee, jioni ile uliweka mapipa?”

“Niliweka mpaka nilipoishia. Mvua ile ulikuwa huoni hata kiganja chako.” Mzee alihamia upande wa pili wa jiwe. “Jambo moja tu ndilo linalonipa usingizi, binti. Shimo lile lilikuwa ng'ambo ya jiwe. Lingekuwa huku kwangu…”

Mhandisi aliitazama brashi ikipanda na kushuka, akajiambia kwamba hata mwongo huweza kuja kupaka chokaa kila mwaka.

“Chimbeni,” aliwaambia vibarua.

Mzee alishtuka. “Mnalipeleka wapi?”

“Tunakagua kitako tu, mzee.”

Alijua anachokitafuta. Kila msimamizi aliyesimika jiwe alichora kwa msumari, katika saruji mbichi ya kitako, tarehe na alama yake. Alama ya mzee, kwa mujibu wa jalada, ilikuwa duara lenye nukta. Ya baba yake ilikuwa mguu wa kuku. Nyumbani kwao ingalipo kwenye mpini wa nyundo na wa koleo. Sentensi ya kitabu alikwisha kuitunga kichwani: Jiwe lilihamishwa na msimamizi wa Sehemu ya Kwanza. Jioni hii hii angemsomea mama yake, sebuleni, madirisha yakiwa wazi ili majirani nao wasikie.

Vibarua walifika nusu mita, wakampisha. Alishuka, akakwangua udongo kwa kisu, akamalizia kwa kiganja.

Tarehe ilikuwa ile ya mazishi ya kijana, kabla wakaguzi hawajafika. Chini yake palikuwa na mguu wa kuku.

“Umeona nini huko?” mzee aliuliza.

Mhandisi alirudishia udongo kwa mikono yake mwenyewe, konzi kwa konzi, mpaka saruji ikafunikwa yote.

“Hakuna kitu, baba.”

Kisha akafungua daftari, akaandika: “Jiwe la 62 hadi la 63: mita elfu moja kamili.”