Njia ya Bi Zamoyoni

Karani alitoka mlangoni akaliita jina la mdai mara tatu, kama ilivyo desturi: "Zamoyoni binti Salehe!" Mara ya tatu Mshindo, mumewe, akaingia akisukuma kiti cha magurudumu kitupu.

"Mdai mwenyewe yuko wapi?" akauliza hakimu.

"Tumemzika juzi, mheshimiwa. Lakini hukumu hii ameingoja miaka tisa, nikaona angalau kiti chake kije kuisikia."

Hakimu akakohoa, kisha akasoma. Jirani yao Chande aliziba njia ya kwenda nyumbani kwao kinyume cha sheria. Ukuta wake uvunjwe ndani ya siku thelathini, mdai apate kupita na kiti chake.

Nje, Chande akamshika Mshindo mkono. "Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Ila rufaa nakata."

Mshindo akageuka kurudi nyumbani. Alikisukuma kiti mpaka kwenye ule ukuta, akapanda ngazi nacho begani, akakiinua juu ya matofali, palepale walipolipitishia jeneza.

"Pokeeni," akawaambia wanawe.

Mikono ileile ya juzi ikanyooshwa kutoka upande wa pili.