Usiguse Saa

Skrini iligeuka bluu kwa mara ya nne, na yule mwanamke akapiga meza kwa kiganja.

"Fundi gani wewe? Toka asubuhi hujaweka Windows moja!"

Dismasi aliinama chini ya meza. Alichomoa waya wa umeme, akafungua kasha la kompyuta kwa bisibisi. Mashine ilikuwa kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, kijivu chake kimeshageuka manjano. Mafundi wawili wa Kigoma mjini walikuwa wameikataa. Hapa Ujiji ni yeye tu aliyekuwa bado na sidii za mifumo ya miaka ile. Ndiyo maana mama huyu, aliyejiita Shadia, mchapaji wa barua, alikuwa amemkalia kooni tangu saa mbili.

"Tatizo si mimi, mama. Ni uzee. Inanakili mafaili, ikifika nusu inaanguka."

"Uzee wa nani? Wako au wake?"

Dismasi alichomoa kipande cha memori, akasugua meno ya kipande hicho kwa kifutio cha penseli. Kisha akachukua kitambaa afute vumbi lililoganda juu ya kasha.

"Weka kitambaa chini!" Shadia alifoka. "Nimekuletea uweke Windows. Nimekwambia unioshee?"

Dismasi alimtazama. Miaka kumi na tisa katika kazi hii, alikuwa hajapata kuona mteja anayegombea vumbi.

Alirudisha memori, akawasha. Maandishi meupe yakapita kwenye skrini nyeusi. Akanyoosha kidole.

"Unaona tarehe? Mosi Januari 2009. Betri ya saa imekufa. Kila ukiizima inarudi hukohuko. Ngoja nitie betri mpya, nirekebishe tarehe, ndipo tuanze."

"Usiguse saa."

"Mama, bila tarehe sahihi..."

"Saa ninayo mkononi. Na usitie kitu kipya humo ndani, hata kimoja. Mafundi wa Ujiji nawajua. Mteja akigeuka tu, anauziwa hadi hewa."

Dismasi akasonya. Ingekuwa siku nyingine angembebesha sanduku lake mpaka barabarani. Lakini leo alitaka kumaliza na kufunga mapema. Akaingiza sidii, akabonyeza kitufe.

"Basi kaa na 2009 yako. Kesho saa tatu niko baraza la ardhi, usije hapa kunitafuta."

"Umemwibia nani?"

"Ninaibiwa mimi." Sauti ilimpanda. "Kiwanja cha baba yangu, mzee Elia, kule Kasingirima. Ndipo wanangu wanapolala. Kuna jirani anaitwa Erasto, anadai marehemu alimuuzia. Ukimuuliza karatasi iko wapi, anasema imeliwa na mchwa. Wazee wamempa mpaka kesho alete ushahidi. Asipoleta, kiwanja changu."

"Na akileta?"

"Navunja nyumba, natoka na watoto. Lakini ataleta nini? Kichuguu?"

Shadia alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Mchwa nao wana njaa. Mzee alifariki lini?"

"Elfu mbili na kumi na tatu. Na hakuuza hata jani la mgomba."

"Mungu amrehemu. Angalia mashine yako, imeganda."

Kweli ilikuwa imeganda. Skrini ilisema faili haliwezi kunakiliwa. Dismasi aliitoa sidii, akaifuta, akairudisha. Faili lilelile, kosa lilelile. Mara hii hakulaumu memori. Alikifungua kisoma sidii cha mashine, akashusha kingine kutoka kwenye rafu.

"Hicho ni cha zamani?" Shadia aliuliza haraka.

"Kuliko ndoa yako."

"Ndoa yangu ilishakufa. Sijui kama hicho kitapona."

Kilipona. Mafaili yalipita moja baada ya jingine. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikapita pale ilipokuwa ikianguka, na saa tisa alasiri skrini ikatulia, safi. Pembeni chini, tarehe ilikuwa ileile ya Januari 2009.

Shadia akamsukuma Dismasi kwa kiwiko, akaketi, akachapa mistari miwili kwa vidole kumi bila kutazama herufi, kisha akaifuta. Hakusema asante. Alitupa malipo mezani.

"Siku nyingine ujifunze kazi."

"Siku nyingine ukafie kwa fundi mwingine."

Dereva wa bajaji alimsaidia kupakia. Dismasi alifunga kibanda, akaenda kupiga pasi shati la baraza. Alikuwa mwepesi moyoni. Mashine mbovu kuliko zote alizopata kuziona imekubali, na kesho kiwanja kitakubali.

Bajaji haikwenda mbali. Ilisimama Kasingirima, na mwenye nyumba akatoka mwenyewe kuipokea kompyuta. Aliibeba kwa mikono miwili, taratibu, vumbi lisitoke, akaiweka mezani, akafunga mlango.

"Hakushtuka?"

"Hata kidogo. Amegombana na mimi kwa ajili ya betri."

"Kesho akiitambua mbele ya wazee?"

"Apige kelele. Wao wataona mtu anayeshindwa, na kompyuta yenye vumbi."

Shadia aliwasha, akasubiri skrini itulie, akaweka vidole tayari. Erasto alivuta kigoda, akasogea karibu.

"Inasema tarehe ngapi?"

"Mosi Januari, 2009."

"Vizuri. Andika: Leo, siku ya mwaka mpya, mimi Elia Ntakarutimana, nikiwa hai na mwenye akili timamu, nimemuuzia jirani yangu Erasto kiwanja changu."