Gunia la Dirishani

"Moshi wako unaniulia mtoto!" Nasike alifoka. "Unakaanga mgongo wazi, hiyo mifupa ya samaki, kutwa, na sisi tuvute tu?"

Wapangaji wa ploti nzima walikuwa wametoka kusikia utamu.

"Mimi nakaangia nje, Mama," jirani alijibu. "Wewe stovu yako ya mafuta taa unaiwashia wapi?"

Hakungoja jibu. Aling'oa gunia ambalo Nasike alizibia dirisha ili moshi wa samaki usiingie, akaligeuza mbele ya watu. Upande wa nje ulikuwa safi. Upande wa ndani ulikuwa mweusi tii kama tako la sufuria.

 Chumbani mwa Nasike mtoto alikohoa tena.

"Mlete kwangu, dirisha liko wazi," jirani alisema bila kumtazama. "Na wewe ingia ule. Ni huo huo mgongo wazi."