Shikamoo za Ghorofa ya Tatu

Kufikia saa nne asubuhi, dada wa usafi wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshaamkiwa shikamoo ishirini na mbili. Zote aliziitikia marahaba, bila kuinua macho kutoka kwenye dekio lake.

Mambo yalianzia kwenye kundi la WhatsApp la waombaji. Namba moja isiyo na jina wala picha iliandika kwamba chuo kile cha udaktari, jirani na Mnazi Mmoja, siku ya usaili hupandikiza mtu wake koridoni. Anaweza kuwa mlinzi, anaweza kuwa mfanya usafi. Ukimdharau, umekwisha. Basi vijana wa watu, ambao nyumbani hata sahani zao hawaoshi, wakawa wanagombea kumbebea ndoo. Yeye akakataa, ndoo yake haikuguswa na mtu.

Najma hakuyaamini ya WhatsApp. Aliamini ya Kariakoo. Amekulia dukani kwa baba yake, mzee Twaha, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, na huko mtoto hujua mapema kwamba aliyevaa suti kaunta ni mwajiriwa. Mwenye mali ndiye yule wa singlendi na kandambili, kakaa juu ya robota anakunywa kahawa kama hayamhusu. Akamtazama yule dada. Kandambili. Sakafu iling'aa tangu saa mbili, naye bado anadeki palepale mlangoni. Na kila mwombaji akitoka, anamuuliza ameulizwa nini huko ndani.

Wote walimmwagia kila kitu, hata walipokosea, kwa sauti za adabu ambazo mama zao hawajawahi kuzisikia.

Shikamoo ya ishirini na tatu ikawa ya Najma. Kwa sura, yule dada hakuwa mtu wa kumwamkia. Pengine hata alikuwa mdogo kwake. Lakini mwenye duka haulizwi umri.

Na Najma hakuwa na nafasi ya kukosea. Mwaka jana alikosa, na baba yake alishasema mara hii ndiyo ya mwisho: akikosa tena, anarudi kaunta, na posa ya kina Adamu itajibiwa. Waliitwa watu ishirini na wanne kwa nafasi kumi na mbili, na majina yangebandikwa mlangoni, wa mwisho akishatoka. Kiti namba ishirini na nne kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Kila aliyekitazama alifurahi kimoyomoyo, Mungu awasamehe.

Alipoitwa, alikuta jopo lilelile la watu watatu na swali lilelile. Mwenyekiti alitaka kujua kama binti wa mfanyabiashara, aliyezoea kushika hela kila jioni, ataweza kukaa na vitabu miaka yote ile asikimbilie kuolewa. Mwaka jana Najma aliinamisha kichwa akasema ataweza. Mwaka huu damu ilimchemka. Akauliza kama na wavulana waliotangulia wameulizwa habari za kuoa, na mwenyekiti akaifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Na tukikunyima tena?" akauliza.

"Nitarudi mwakani, na mwaka utakaofuata," Najma akasema. "Ninyi mtastaafu mmoja mmoja, mimi bado niko hapo nje nimekaa."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao aliandika kitu. Najma akatoka kichwa juu.

Yule dada alikuwa palepale mlangoni. Alipouliza, Najma alimweleza yote, na kwa kuwa biashara ni matangazo, akamwongezea na yale aliyoyasahau huko ndani: kwamba amesimama kaunta tangu darasa la nne, kwamba mteja anaweza kumfunulisha vitenge arobaini, asinunue hata kimoja, amtukane juu yake, naye akavikunja upya na kumwambia karibu tena. Kwa hiyo asije mtu akamtisha na wagonjwa wasumbufu. Dada wa usafi akaacha kudeki. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtoto wa madrasa anayehifadhi sura.

"Rudia hapo pa kustaafu," akasema.

Najma akarudia, taratibu, mara mbili. Kisha akaenda kukaa, akiwa na hakika kwamba amezungumza na mwenye duka mwenyewe.

Saa tisa karani alifungua mlango akaita wa mwisho.

"Namba ishirini na nne. Candida Elimringi."

Watu wakakitazama kile kiti kitupu, na mmoja akaanza kukusanya vitu vyake akijua kazi imekwisha. Karani akaita tena.

Dada wa usafi akaliegemeza dekio ukutani. Akavua koti la buluu la kazi, na ndani yake kulikuwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Akainama kwenye ile ndoo yake, akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kandambili hakuzivua.

Alipofika mbele ya Najma alisimama, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, dada," akasema, akaingia.